Mtungi Kabla ya Maneno

(Hotuba kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa sekondari, Tanga)

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu wetu, wazazi na walezi wenzangu, assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya hasira na malezi. Nitaanza na hasira yangu mwenyewe.

Jioni moja, miaka minne iliyopita, nilirudi nyumbani kutoka zamu ya mchana, miguu inawaka moto. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu. Nikamkuta chumbani na simu ambayo sikumnunulia mimi wala baba yake. Nikamuuliza imetoka wapi, akanyamaza. Nikauliza mara ya pili, akanigeuzia mgongo. Yaliyonitoka kinywani baada ya hapo siwezi kuyarudia yote mbele yenu, ila moja nitalisema kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Nilimwambia laiti ningejua, nisingemzaa.

Siku mbili mtoto hakugusa chakula cha nyumbani. Simu ilikuja kujulikana kuwa ni ya rafiki yake, ameiazima usiku mmoja kwa sababu ndani yake mlikuwa na picha za daftari la kemia. Hakujibu kwa kuwa aliniona nimeshapandisha, akaogopa.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Wakati ule nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka 18, na kila Jumatano nilikaa na wagonjwa nikiwafundisha namna ya kutuliza hisia. Yote nilikuwa nayajua. Siku ile halikunijia hata moja. Nimelitafakari jambo hilo muda mrefu, na jibu nililolipata ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo: ujuzi huu hujifunzwa siku ya utulivu, kwa mwili, kwa kurudiarudia, kama mtu anavyojifunza kusukuma chapati. Hakuna anayejifunza kusukuma chapati wageni wakiwa wameshakaa mkekani. Mimi nilikuwa nawafundisha wengine kitu ambacho mikono yangu haijawahi kukifanya.

Tangu utoto tunaambiwa hasira hasara. Ni kweli tupu, na hapa hakuna asiyeijua hasara hiyo. Lakini methali ile inakupa hesabu ya mwisho tu. Haikuambii, dakika ile kifua kinapobana na masikio yanapopata moto, mikono uiweke wapi, miguu uielekeze wapi, na neno la kwanza liwe lipi. Wazee wetu walikuwa na njia zao za kutufundisha hayo: bibi alikuambia nenda kisimani ukalete maji, na ukirudi umeshapoa. Siku hizi maji yapo bombani uani, na bibi yuko kijijini.

Kwa hiyo tuanze na mwili. Mtu akihamaki, moyo hukimbia, pumzi hupanda juu kifuani, misuli ya taya na mabega hukaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, na katika hali hiyo sehemu ya ubongo inayopima maneno haifanyi kazi yake sawasawa. Mtafiti mmoja wa Marekani, John Gottman, alitumia miaka mingi kuwapima wanandoa wakiwa katikati ya ugomvi, vipimo vya moyo vimefungwa mwilini. Aliona kwamba moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika, mtu hasikii tena vizuri anachoambiwa na mwenzake, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Ushauri wake ni kuachana kwanza, angalau dakika 20, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kushuka. Shika dakika hizo 20, nitazirudia.

Basi fikirini ni mara ngapi tunawaambia watoto wetu, "Nisikilize ninapoongea na wewe!" huku tumeshawajaza hofu mpaka moyo unataka kutoka. Hasikii. Siyo kiburi. Masikio yapo, lakini ndani hakuna mtu wa kupokea.

Mengi nitakayowaeleza yanatoka kwa mwanamke mmoja, na habari zake naziheshimu sana. Anaitwa Marsha Linehan, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943 mjini Tulsa. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford, akakaa zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijiumiza mwili na akitamani kufa. Aliweka nadhiri kwa Mungu kwamba akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wenzake. Akatoka, akasoma, akawa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na akajenga tiba kwa ajili ya wanawake waliokuwa kama yeye, wale ambao matabibu wengi walishawakatia tamaa. Matokeo ya utafiti wake wa kwanza yalichapishwa mwaka 1991. Miaka yote hiyo hakutangaza kwamba na yeye alikuwa mgonjwa. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi katika hospitali ileile ya Hartford na kuyasema hadharani.

Tiba yake inaitwa tiba ya tabia ya kidialektiki. Jina zito, lakini maana yake mtaifahamu: mambo mawili yanayoonekana kupingana yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Unajitahidi kadiri ya uwezo wako, na bado unahitaji kubadilika. Mwanangu amekosea, na mwanangu ana sababu. Na kitu kikubwa alichofanya Linehan ni kuufanya utulivu kuwa somo. Wagonjwa wake walikaa darasani kila wiki, wakapewa kazi ya nyumbani, wiki ijayo wakasahihishwa. Hakuwahubiria wawe watu wema, aliwapa mazoezi.

Zoezi la kwanza ni maji.

Uso ukitiwa katika maji baridi huku umebana pumzi, mwili hudhani umezamia, na moyo hupunguza mwendo wenyewe. Huhitaji kuamini wala kujisihi. Unachota maji kwenye beseni, unainama, unazamisha uso mpaka kwenye macho na mashavu, unahesabu polepole mpaka 15, ukiweza 30, unainuka. Asiyetaka beseni achukue barafu, aifunge kwa kitambaa, aiweke juu ya mashavu na chini ya macho. Nyumba zetu nyingi za pwani bado zina mtungi, na maji ya mtungini yanapoa bila umeme. Kwangu mimi mtungi umekuwa dawa. Ila nasema hili kwa msisitizo: mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa za moyo au za presha, asilifanye zoezi hili kabla ya kumwuliza daktari wake. Huyo atumie pumzi tu.

Na pumzi tuifanye hapahapa, sote. Wekeni mikono juu ya tumbo. Vuteni hewa kwa pua, nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Sasa itoeni kwa mdomo, taratibu, kama mnapoza uji wa mtoto: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena. Tena. Siri iko kwenye kutoa. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, moyo unashuka nayo. Fanyeni hivi dakika tano kila siku mkiwa hamna ugomvi na mtu, kwenye daladala, au ugali ukiwa jikoni unaiva. Mkisubiri siku ya ugomvi, yatawakuta yaliyonikuta mimi.

Mwili ukishashuka, kazi ya pili ni kulitaja kwa jina lile lililokushika. Mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali, huku wakiupima ubongo kwa mashine. Watu hao walipoitaja hisia kwa jina, ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora ilipoa.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu lugha yetu. Kiswahili ni tajiri wa majina ya moyo kuliko tunavyokitumia. Kuna hamaki, inayowaka na kuzima. Kuna kinyongo, kinachokaa miaka. Kuna fadhaa, simanzi, majonzi, kijicho, wivu, unyonge, kero, uchungu, aibu, fedheha, jitimai. Haya yote tumeyakusanya tukayatia katika maneno mawili, "nina stresi" na "nimevurugwa". Mtu akikuambia amevurugwa, hujui umpe chakula, umpe nafasi, au umpeleke hospitali, na yeye mwenyewe hajui. Ningefurahi kuona walimu wetu wa Kiswahili wanawapa watoto zoezi la kuandika tofauti kati ya huzuni na simanzi, kati ya aibu na fedheha. Lingekuwa somo la lugha na somo la afya kwa pamoja.

Mimi jioni ile nilidhani nina hasira. Nilipokuja kukaa na nafsi yangu nikaona chini ya hasira kuna hofu. Akilini nilimwona binti yangu amepewa simu na mwanamume mtu mzima. Hilo ndilo nililoliona, ingawa mbele ya macho yangu kulikuwa na simu tu. Hofu hiyo ina haki yake, mama yeyote angekuwa nayo. Lakini ningemwambia, "Mwanangu, nimeogopa," angenijibu. Nilimpigia kelele za hasira, akajificha.

Kwa sababu hiyo Linehan anawafundisha watu kuuliza: nimeona nini kwa macho, na nimeongeza nini mwenyewe? Simu nimeiona. Mwanamume nimemwongeza. Mume hajapokea simu, hilo limetokea. Kwamba yuko kwa mwanamke mwingine, hilo bado ni hadithi. Huenda ikawa kweli, lakini haijawa.

Sasa maneno yenyewe. Unataka kumweleza mtu jambo linalokuumiza, na unataka likae vizuri. Taja kilichotokea, kama kingeonekana kwenye picha, pamoja na siku na saa. Sema kilichokupata moyoni. Omba kitu kimoja, kidogo, kinachowezekana. Na mwonyeshe mwenzako atapata nini. Sikilizeni tofauti. Mama mmoja anasema, "Wewe kila siku unarudi usiku wa manane, unajifanya kapera, hii nyumba umeifanya gesti!" Mwingine anasema, "Baba watoto, Jumatatu na jana umerudi saa sita usiku na hukunipigia. Nilikaa macho na woga, nikadhani umepata ajali. Naomba ukiona inapita saa tatu, nitumie ujumbe tu. Nitalala, na asubuhi hutanikuta nimenuna." Neno "kila siku" ndilo linaloharibu, kwa sababu mume ataikumbuka siku moja aliyorudi mapema, na ugomvi utahamia kwenye siku hiyo.

Na baba kwa kijana wake: "Jumamosi nilikuagiza ufungie mbuzi kabla ya magharibi, nimekuta wapo nje. Imenikera, maana juzi jirani ameibiwa. Leo nakuomba wawe ndani saa kumi na mbili." Hakuna "mjinga wewe", hakuna "umefanana na mjomba wako". Mjomba hahusiki na mbuzi.

Kusikiliza ndiko kugumu zaidi. Wataalamu wanafundisha kwa masomo mengi kwamba kabla hujamshauri mtu, umwonyeshe kwanza kuwa umeuona mzigo wake. Nilipolisoma somo hilo nilicheka kwa furaha, kwa sababu sisi tuna neno lake, la herufi nne, na watoto wetu wanalijua kabla hawajajua kuhesabu: pole. Mtu akijikwaa unamwambia pole, na wala si wewe uliyeweka jiwe. Hukiri kosa, hukubaliani wala hukatai. Umeuona mzigo, umeugusa kwa mkono. Kijana anarudi na alama mbovu, amevunjika, unaweza kumwambia "pole mwanangu" na bado kesho mkakaa juu ya suala la kusoma. Tatizo letu ni kwamba pole tumeifunga na mkia. "Pole, lakini si nilikuambia?" "Pole, ila na wewe umezidi." Ukitia mkia, umemnyang'anya ile pole uliyompa. Jaribuni wiki hii kusema pole, kisha mnyamaze, mhesabu mpaka kumi. Mtashangaa mtoto ataongea nini katika hizo kumi.

Kuna swali ambalo akina mama huniuliza pembeni, na leo nalijibu hadharani. Wanasema, dada, haya mambo ya kukubali na kustahimili si ndiyo yaleyale tuliyofundwa, vumilia mwanangu, ndoa ni kuvumilia? Hapana. Linehan anafundisha kukubali kwa moyo wote, na maana yake ni kuacha kupigana na ukweli kwamba jambo limeshatokea. Umeanika mahindi, mvua imenyesha, yamelowa. Ukikaa uani ukalia kwamba isingenyesha, yataoza. Ukikubali kuwa yamelowa, utayaingiza ndani. Kukubali ndiko kunakokupa nafasi ya kufanya kitu. Anayepigwa akikubali kwamba anapigwa, kwamba hili limetokea na si mara ya kwanza, ndipo anapoanza kutafuta njia ya kutoka. Hakuna zoezi la pumzi linalotibu kipigo. Hilo ni kosa la jinai, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto anayeteswa, au yeyote anayemjua, apige 116, ni bure. Nasema haya nikijua kuna wanaume na wanawake hapa wanaoyahitaji leo.

Na kuna hali inayozidi mazoezi ya nyumbani. Mtu akiwa na simanzi karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hali chakula, halali usingizi, hapendi tena alivyovipenda, hiyo ni sonona, ni ugonjwa, na una matibabu. Na akisema anatamani kufa, msimwambie anatafuta huruma. Kaeni naye, ondoeni vya hatari karibu yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Najua wengine mnawaza kwamba haya ni ya Wazungu na ni ya wenye pesa ya mtaalamu. Zimbabwe walianza kulitatua hilo mwaka 2006. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari bingwa wachache wa akili nchini mwake, alianza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao, nje ya zahanati, na kumsaidia achague tatizo moja tu katika rundo lake, walitafutie njia. Hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwetu ni "mawazo mengi", kitu kilekile. Matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo likavuka mipaka, hadi Malawi, hadi Zanzibar. Nawaangalia akina bibi mlioketi mstari wa mbele, naona mnatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Mtaniuliza binti yangu je. Siku ya tatu nilimfuata uani anafua, nikachukua kigoda nikakaa. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu bafuni, kwa sauti, mara tano. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumanne nilikuambia nisingekuzaa. Nilisema uongo. Niliogopa ile simu, na badala ya kukuambia nimeogopa, nikakuumiza. Nakuomba radhi." Nikanyamaza. Sikusema "lakini na wewe". Aliendelea kufua muda mrefu, kisha akasema, "Mama, nilidhani ulikuwa unataka kulisema siku nyingi." Hilo neno linanirudia mpaka leo. Kuomba radhi hakukulifuta, na sitawadanganya kwamba kulilifuta.

Ila tuliwekeana desturi. Yeyote kati yetu akiona amejaa, anasema, "Naomba ishirini," yaani zile dakika 20, na mwenzake hamfuati. Anayeomba ndiye mwenye wajibu wa kurudi, asiporudi inakuwa kususa. Mwezi uliopita tulizozana kuhusu chuo anachotaka kwenda. Nilikuwa katikati ya sentensi akaniinulia mkono akasema, "Mama, shikamoo, naomba ishirini." Nikaisikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, maji yakimwagika kwenye beseni. Na mimi nikakaa pale nilipo, nikaanza kuhesabu pumzi.

Nitabaki chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja. Mwenye neno la faragha anifuate pale, na akina baba msiogope kuja. Asanteni sana kwa kunisikiliza.